Sifa za Kujiunga, Sifa za Kusifiwa

Kila majira ya baridi wanafunzi wa darasa la 9 mjini Stockholm hujaza ombi la kuingia "gymnasium", shule ya miaka 3 inayotangulia chuo. Wana miaka 15 au 16. Mbele yao ipo orodha ya programu 18 za kitaifa: 6 za kumwandaa mtu kwenda chuo, 12 za ufundi. Mtoto wa Husby, Tensta au Skärholmen, vitongoji vya jiji, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili ana mzigo wa ziada, maana fomu hiyo lazima aifasiri kwa baba na mama. Maneno ya mfumo anayo kwa Kiswidi tu. Wazazi nao wana yao, waliyokuja nayo kutoka Mwanza, Mombasa, Bukavu au Kampala, na kila moja limekuja na historia ya shule lilikotoka. Mabishano mengi kuhusu mtoto asome nini huanzia hapo, kabla hayajafika kwenye hesabu ya mishahara.

Nataka kuyapima maneno hayo moja moja, kisha nikae kitako juu ya moja linalonisumbua kuliko yote: sifa.

Kuchagua na kuchaguliwa

Tuanze na kitenzi. Mzazi aliyesoma Tanzania hasemi kwamba alichagua kidato cha tano. Husema alichaguliwa: nilichaguliwa Tabora, nilichaguliwa Kilakala. Hadi leo tangazo la TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi hao, hubeba majina ya "waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano". Chuo nacho mtu hupangiwa. Kenya mtu huitwa: ameitwa Alliance, ameitwa Maseno, na mtaa mzima ukajua. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mwanafunzi alijaza machaguo yake, ndiyo, lakini mtenda wa kweli katika sentensi ni serikali, na serikali haitajwi kwa sababu kila mtu anajua ndiyo iliyotenda.

Methali zetu nazo hazimpendi anayechagua. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma. Mzee akilalamika kwamba "vijana wa siku hizi wanachagua kazi", hamaanishi kwamba wametafakari vipaji vyao wakapima soko la ajira. Anamaanisha ni wavivu. Katika masikio yetu kuchagua kazi ni jirani sana na kuikataa.

Kiswidi kina neno "val". Kama uchaguzi wetu, hutumika kwa kura na kwa shule pia: "riksdagsval" ni uchaguzi wa bunge, "gymnasieval" ni uchaguzi wa gymnasium, "yrkesval" ni uchaguzi wa kazi. Tofauti iko kwa mtenda. Katika gymnasieval mpiga kura ni mtoto. Ndiyo maana baba akiuliza, "Wamekupangia wapi?" binti hukosa jibu. Bado hakuna aliyempangia. Yeye ndiye anayetakiwa kupanga, wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpangilio wa matamanio yake. Kutendwa huja baadaye, alama zikishajumlishwa (kiwango cha juu ni 340) na jibu likatoka kwamba amepokelewa. Lakini kwa miezi kadhaa kabla ya hapo sarufi yote ni ya kutenda, na mzazi aliyezoea kusubiri orodha ibandikwe ubaoni hajui aketi wapi.

Tawi liitweje?

Hiyo "programu" yenyewe tuiiteje? Kulitamka neno hilo si tabu. Tabu ni kwamba katika Kiswahili cha leo programu zinaishi kwenye simu. Mwambie bibi aliyeko Tanga kwamba mjukuu wake amechagua programu, na swali lake litakuwa ni ya simu gani.

Lipo neno tahasusi. Mtanzania analijua: ni mkusanyiko wa masomo 3 ya kidato cha tano. Fizikia, kemia na biolojia ni PCB. Historia, jiografia na Kiingereza ni HGL. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi 49, zikafika 65. Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa hasa, hususan na mahususi, na kwa programu zile 6 za kuandaa chuo linakaa vizuri sana. Lakini Mkenya na Mkongo hawalijui, na kwa anayekwenda kujifunza kufunga mabomba ya maji halifai, kwa kuwa yeye hakusanyi masomo, anajifunza kazi.

Lipo neno mkondo. Lina sauti nzuri, ila katika shule za Tanzania tayari lina kazi nyingine: shule ya mikondo 2 ni yenye kidato cha kwanza A na kidato cha kwanza B, wote wakisoma mambo yaleyale. Lipo njia, ambalo Wakenya wanalitumia katika mtaala mpya wa umilisi, sekondari ya juu ilipogawanywa katika njia 3: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Njia ni neno jepesi na la kila siku, na wepesi huo ndio ubaya wake, maana halisemi ni njia ya nini.

Kisha lipo mchepuo. Tanzania ilikuwa na shule za mchepuo wa kilimo, wa biashara, wa ufundi, wa sayansi kimu. Kuchepuka ni kuiacha njia kuu na kushika kijia cha kando, na mmea nao huchepua unapotoa jani jipya. Istilahi gani nyingine ingetaka zaidi ya hayo? Kikwazo ni mtaa. Silabi ya mwisho ikiteleza kidogo, mchepuo unakuwa mchepuko, yaani hawara, na Watanzania wote wanaikumbuka kampeni ya afya iliyowaasa wabaki njia kuu kwa kuwa michepuko siyo dili. Binti akimpigia shangazi simu kutoka Kista kumwambia kwamba amepata mchepuo mzuri, na mawimbi yakakatika palepale, shangazi atalala na presha.

Pamoja na hayo nachagua mchepuo, kwa sababu ambayo Stockholm inaihitaji. Tahasusi husikika kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mchepuo hukumbusha kwamba barabara iliyoachwa bado ipo palepale.

Yanayofanana bila undugu

Msomaji wa Afrika Mashariki huingia Kiswidi akiwa na Kiingereza mfukoni, na Kiingereza hicho humponza. "Högskola" ni hög, juu, na skola, shule. Mkenya akilivunja vipande anapata haiskuli, aliyoimaliza miaka ishirini iliyopita. Kumbe ni chuo cha elimu ya juu. Södertörns högskola, iliyofunguliwa 1996 kusini mwa jiji, hutoa shahada. Kungliga Tekniska högskolan, maarufu kwa herufi KTH, ni ya tangu 1827, na ndiyo ndoto ya kila mzazi anayetaka kumwona mwanawe injinia.

"Examen" si mtihani. Ni shahada, ile karatasi ya mwisho. Mtihani wa chuoni huitwa "tenta". Mtu akisema hana examen, hajakimbia mtihani wowote, hajahitimu tu. Na "student" ana maajabu yake. Kijana wa Stockholm "huchukua studenten" siku anapomaliza gymnasium. Mtihani wa zamani uliobeba jina hilo ulifutwa 1968, lakini jina liligoma kuondoka. Kila Juni mitaa hujaa malori yenye vijana wa kofia nyeupe wanaopiga kelele, na nje ya shule wazazi husimama wameinua mabango yenye picha ya mhitimu alipokuwa mtoto mdogo. Mzazi mgeni anayeambiwa kwamba jirani amechukua studenten hudhani ndiyo kwanza ameanza masomo, kumbe amealikwa kula keki ya kuyamaliza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "civilingenjör". Baba aliyezoea Kiingereza husikia mjenzi wa madaraja na barabara, akafurahi kwamba nyumba ya kijijini imepata msimamizi. Lakini "civil" ya hapa ilimtofautisha injinia wa kiraia na injinia wa jeshi. Civilingenjör anaweza kuwa mtu wa kompyuta, wa kemia, wa mitambo ya hospitali, na asijue uwiano wa saruji na mchanga.

Manesi watatu

Neno moja la Kiswahili linaweza kuficha miaka. Chukua nesi. Katika huduma za wazee za Stockholm, ambako wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki si wachache, watu 3 tofauti wanaweza kuingia chumba kimoja asubuhi moja, na kwetu wote wakaitwa manesi. Wa kwanza ni "vårdbiträde", msaidizi mwenye mafunzo mafupi. Wa pili ni "undersköterska", ambaye mchepuo wa "vård och omsorg" (huduma ya afya na uangalizi) katika gymnasium humwandaa moja kwa moja, na tangu Julai 2023 jina lake linalindwa na sheria. Asiye na cheti chake hana ruhusa ya kulitumia. Wa tatu ni "sjuksköterska", aliyesoma chuoni miaka 3 na kupewa leseni na Socialstyrelsen, mamlaka ya afya na ustawi.

Basi binti akisema, "Mama, nataka vård," mama akajibu, "Vizuri, uwe nesi," wawili hao wamekubaliana bila kuelewana. Mama amemwona sjuksköterska. Fomu inampeleka kwa undersköterska. Kati ya hao wawili ipo miaka 3 ya chuo, na masharti ya kuingia chuo hicho hutegemea masomo ambayo binti anatakiwa kuyachukua akiwa bado kwenye mchepuo wake. Kiswahili kina vifaa vya kuwatenganisha: mhudumu wa afya, muuguzi msaidizi, muuguzi mwenye leseni. Hatuvitumii kwa kuwa nesi ni neno tamu na la haraka.

Injinia naye ni vivyo hivyo. Yupo anayeongeza mwaka wa 4 baada ya mchepuo wa teknolojia na kutoka na jina la "gymnasieingenjör". Yupo "högskoleingenjör", wa miaka 3 ya chuo. Yupo civilingenjör, wa miaka 5. Wote ni mainjinia kwenye sherehe ya ukoo. Kwenye tangazo la kazi si wote.

Fundi na stadi

Sasa tuingie panapouma. Michepuo 12 kati ya 18 ni ya ufundi: ujenzi, umeme na nishati, magari, mabomba na majengo, mapishi, ususi na kazi nyingine za mkono, uangalizi wa watoto, na kadhalika. Nyumba nyingi za Waswahili huivuka sehemu hiyo ya orodha kana kwamba imeandikwa kwa wino usioonekana. "Mwanangu, tumevuka bahari kuja kuwa mafundi?"

Kiswahili hakikuzaliwa na dharau hiyo. Fundi ni wa ukoo wa kufunda na kufunza, ukoo ule ule wa mwanafunzi na mkufunzi. Ni mtu aliyefundwa akaiva. Pwani ilimheshimu fundi wa jahazi na fundi wa nakshi za milango. Serikali ya Tanzania ilipopitisha sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1994, ikaunda VETA, mamlaka ya mafunzo hayo, ilichukua maneno "ufundi stadi", na stadi ni mtoto wa ustadhi. Yaani mtu wa ufundi stadi amebeba jina la kufundwa na jina la mwalimu kwa pamoja. Upande wa pili tumeweka taaluma, ya daktari na mwanasheria. Na taaluma nayo, ukiifuata Arabuni, maana yake ni kujifunza, kutoka mzizi ule ule wa elimu, mwalimu na maalumu. Kwa nasaba, ufundi na taaluma ni sawa. Waliotenganisha ni ofisi ya mkoloni na karani wa mishahara, na baadaye fundi cherehani na ahadi zake za mkesha wa Idi.

Kiswidi hakikutenganisha. "Yrke" ni ndugu wa "verk", kazi iliyotendwa, na hukaa kwa daktari kama kwa fundi bomba: kazi ya udaktari ni "läkaryrket", ya ualimu ni "läraryrket". Vyama vya mafundi vilivyokuwa vikitawala nani afanye kazi gani vilivunjwa mwaka 1846, lakini mpaka leo msusi au seremala anaweza kutunukiwa "gesällbrev", hati ya fundi aliyeiva, na baadaye "mästarbrev", hati ya bingwa. Sisemi Waswidi hawana majivuno ya shule. Wazazi wao nao hunong'ona kuhusu alama za kuingia Norra Real na Södra Latin, shule za katikati ya jiji zenye majina makubwa. Ninachosema ni kwamba neno lao la kazi halimhukumu mtu kabla hajasema anafanya kazi gani.

Sifa

Nimefika kwenye neno langu. Kila tangazo la shule, chuo au ajira Afrika Mashariki lina kichwa kidogo: sifa za kujiunga, sifa za mwombaji. Hapo sifa ni masharti, yaani ufaulu fulani, masomo fulani, cheti fulani. Lakini sifa ni kusifiwa pia. Mtu wa sifa ni mwenye kujionyesha, na anayetafuta sifa tunamjua kwa mwendo. Kiarabu kilitupa sifa kama hali au tabia ya kitu, na kwa maana hiyo walimu wa sarufi bado wanaishi nayo. Sisi tukaiongezea makofi.

Kwa nini maana mbili hizi zikakaa nyumba moja bila kugombana? Naona sababu ni uhaba. Nafasi za sekondari na chuo zilipokuwa chache mno, mwenye sifa za kujiunga ndiye aliyesifiwa, na aliyesifiwa ndiye aliyechaguliwa. Jina lake lilisomwa, mbuzi akachinjwa. Hakukuwa na haja ya maneno mawili kwa sababu mambo yenyewe yalikuja pamoja, siku moja, kwenye orodha moja. Kitenzi cha kutendwa na nomino ya sifa vilifanya kazi bega kwa bega.

Stockholm masharti na makofi vimeachana. Neno la Kiswidi kwa upande wa masharti ni "behörighet", na halina sherehe yoyote ndani yake. Kuingia mchepuo wa ufundi kunahitaji ufaulu katika masomo 8, yakiwemo Kiswidi, Kiingereza na hisabati. Kuingia mchepuo wa kuandaa chuo kunahitaji masomo 12. Kwenda chuo kunahitaji behörighet ya msingi, ambayo ni ya wote, na juu yake behörighet maalumu ya kozi husika. Anayeota udaktari wa Karolinska Institutet, chuo kikuu cha tiba, anahitaji biolojia, fizikia, kemia na hisabati ya ngazi ya juu, na mchepuo wa sayansi asilia unaweza kumpa yote hayo. Mchepuo wenye jina zuri lakini usio na masomo hayo haumpi, hata ukoo umshangilie vipi.

Na behörighet huhamahama, kitu ambacho sifa ya watu haifanyi haraka. Mageuzi ya 2011 yaliiondoa behörighet ya msingi ya kwenda chuo kwenye michepuo ya ufundi. Aliyeitaka ilimbidi aombe masomo ya ziada. Baada ya hapo vijana wengi zaidi waliiepuka michepuo hiyo. Kisha sheria ikarekebishwa, na walioanza majira ya vuli ya 2023 wamerudishiwa masomo hayo ndani ya mchepuo wenyewe. Asiyeyataka ndiye anayeomba kuyaacha. Kwa maneno mengine, kijana anayesomea umeme leo anaweza kumaliza gymnasium akiwa na kazi mikononi na mlango wa chuo ukiwa wazi. Sifa za kujiunga anazo. Sifa za kusifiwa, kwenye meza ya nyumbani, bado hana.

Hapo ndipo istilahi inakuwa jambo zito. Mzazi anasema, "Mchepuo huo hauna sifa." Mtoto, aliyesikia shuleni kwamba mchepuo unatoa behörighet, anaapa kwamba zipo. Wote wawili wanasema kweli, kwa neno moja, kuhusu vitu viwili. Hawawezi kufika mwisho wa ubishi huo, kwa kuwa lugha imewanyima mahali pa kuona wanapotofautiana.

Dawa tunayo tayari kwenye kamusi: ustahiki. Fomu za pensheni na misaada hulitumia, na wanasheria wanalipenda. Mwenye ustahiki anastahiki, basi, hapigiwi vigelegele. Nashauri behörighet iitwe ustahiki, wa msingi na maalumu, na neno sifa tuliache libaki na kazi yake ya makofi.

Maneno ya kurudi

Ukiyahesabu maneno ya elimu ya Kiswidi, utashangaa ni mangapi yanayohusu kurudi nyuma. "Omval" ni kipindi cha masika ambapo mwombaji anaweza kubadili machaguo yake aliyojaza wakati wa baridi. "Basår" ni mwaka wa msingi kwa aliyekosa masomo ya sayansi na sasa anayataka. "Komvux", shule ya watu wazima ya manispaa, ipo tangu 1968. Mtu wa miaka 35 huchukua pale kemia aliyoiruka akiwa na 16. Mwaka 2022 uliletwa msaada wa masomo kwa wafanyakazi wanaotaka kubadili fani katikati ya maisha, na jina lake, "omställningsstudiestöd", ni refu kuliko subira ya anayelisoma.

Upande wetu maneno ya kurudi yana aibu. Kurudia darasa, kukariri, mtahiniwa wa kujitegemea. Na ngumbaru, neno la kisomo cha watu wazima, limegeuzwa kejeli kwa yeyote anayesoma akiwa na mvi. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, miaka 2 tu baada ya komvux kuanza, na elimu haina mwisho ikawa kauli ya kila kijiji.

Tena kuna neno moja la Kiswidi ambalo Tanzania ililitafsiri kwa kujenga majengo. "Folkhögskola" ya kwanza Uswidi ilifunguliwa 1868, ikiwa chuo cha watu wa kawaida, cha bweni mara nyingi, ambako mkulima aliyeacha shule angeweza kusoma bila kudharauliwa. Kuanzia 1975, kwa msaada wa Uswidi, Tanzania ilianzisha vyake na kuviita Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Angalia tafsiri ilivyo nzuri: folk wakawa wananchi, högskola ikawa chuo, na katikati Tanzania ikaongeza neno lake yenyewe, maendeleo. Mtanzania wa Stockholm anayeambiwa kwamba mwanawe aliyekwama gymnasium anaweza kupata ustahiki wa chuo kupitia folkhögskola hana haja ya kuelezwa kwa mikono. Mwambie ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na atakutajia kilichokuwa karibu na kwao.

Mwelekezi na mwalimu wa lugha

Shule za Uswidi zina mtu wa kazi hii, "studie- och yrkesvägledare", ambaye kwa uchovu wa ulimi kila mtu humwita "syv". Väg ni njia, leda ni kuongoza. Sisi humwita mshauri, au mnasihi, na wote wawili wanabeba nasaha za wazee ndani yao: mshauri hutarajiwa aseme fanya hivi. Syv hasemi. Kazi yake ni kuonyesha milango na masharti yake, na wazazi wanaokuja kutafuta shauri huondoka wakilalamika kwamba mtu yule hana msimamo. Akiitwa mwelekezi, matarajio yangekaa sawa tangu mlangoni.

Nani atayasambaza maneno haya? Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967 na limesanifu istilahi za fani nyingi, lakini gymnasium ya Uswidi si kipaumbele cha Dar es Salaam, na si haki kulitarajia. Waliopo karibu ni walimu wa lugha ya mama. Tangu mageuzi ya 1977 watoto wenye lugha nyingine nyumbani wana nafasi ya kufundishwa lugha hiyo, na manispaa huwajibika wanapopatikana wanafunzi 5 na mwalimu anayefaa. Elimu ya juu nayo haikuiacha lugha yetu: Abdulaziz Lodhi, Mzanzibari, alifundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Uppsala kwa miaka mingi na kuandika kuhusu maneno tuliyoyapokea kutoka Mashariki. Darasa la Kiswahili mjini Stockholm linaweza kutenga kipindi kimoja kila mwaka, kabla ya msimu wa maombi, kwa maneno haya tu: mchepuo, ustahiki, muuguzi msaidizi, mwelekezi, kuchagua upya. Watoto wayapeleke nyumbani wakiwa bado na muda.

Maana mzazi anayeingia kwenye kikao akiwa na neno ustahiki atauliza maswali yanayojibika. Mchepuo huu unampa ustahiki wa kwenda wapi? Somo gani halimo? Akibadili nia mwaka wa pili, apitie wapi? Kwa hayo mwelekezi ana majibu, na mkalimani hatapata shida. Kwa swali la sifa ya ukoo hana jibu, na si kazi yake kuwa nalo. Hilo lijibiwe nyumbani, na wanaolijibu wajue kwamba wanazungumza juu ya makofi, si juu ya masharti ya kuingia chuo.